Rosti ya nyama ya ng'ombe kwa watu wa zamu ya usiku

Leo tunaomba ruhusa tuziweke kando kwa siku moja habari za vita na za uchaguzi, tuzungumzie sufuria. Novemba 2025, wakati Wamarekani walipokuwa wanajiandaa na bata mzinga wao, tulifunga safari kwa gari kutoka Louisville, jimbo la Kentucky, ambako tunaishi, hadi Columbus, Ohio, na kutoka huko hadi Buffalo, jimbo la New York. Katika nyumba tatu za watu wanaozungumza Kiswahili, ya kwanza ikiwa yetu wenyewe, tulikula chakula kile kile: pande zima la nyama ya ng'ombe lililopikwa polepole kwa saa nyingi, mfuniko ukiwa juu, pamoja na vitunguu, karoti na viazi. Wenyeji wanakiita pot roast. Sisi tunakiita rosti, na hatujakosea.

Neno hilo rosti lina kisa chake. Lilitoka katika Kiingereza, ambako maana yake ni kuoka kwa moto mkavu, lakini lilipofika kwetu Afrika Mashariki likabadilika tabia. Ukiagiza maini rosti au kuku rosti Mombasa au Dar es Salaam hutaletewa kitu kilichokauka. Utaletewa nyama iliyoungwa kwa nyanya na vitunguu mpaka mchuzi umekuwa mzito. Wamarekani nao, pamoja na jina lao hilo, hawaoki kitu: nyama yao inaiva kwa mvuke na kwa maji yake yenyewe ndani ya sufuria iliyofunikwa. Kwa maneno mengine, sisi na wao tumefika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti.

Inafaa tueleze tulifikaje hapo. Sisi tulikuwa watu wa redio Bujumbura. Mei 2015, katika siku za jaribio la mapinduzi lililoshindwa, vituo vya redio vya binafsi, miongoni mwao RPA, Bonesha FM, Isanganiro na Renaissance, vilishambuliwa na kunyamazishwa, na waandishi wengi wakavuka mpaka. Nasi tulikuwa miongoni mwao. Leo hii tunaandika mchana, na usiku tunapanga maboksi katika ghala. Louisville ni mji wa kazi za usiku. Ndipo palipo kituo kikuu cha ndege cha kampuni ya UPS, ambako vifurushi hushushwa, hupangwa na kupakiwa tena kabla hakujapambazuka, na maghala mengi yaliyokizunguka yamezoea saa hizo hizo. Tunatoka nyumbani saa nne usiku na kurudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama watoto anaondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kufua mashuka. Mtoto wetu mkubwa, akitoka shule, anakwenda dukani kupanga bidhaa hadi saa tatu usiku. Kwa muda mrefu kila mtu nyumbani alikula kwa saa yake, akiwa amesimama mbele ya mikrowevu, na mara nyingi alichokula hakikuwa kimepikwa na mtu yeyote tunayemjua.

Rosti yetu ya kwanza ilikuwa aibu. Tulikwenda dukani tukachagua nyama nzuri kuliko zote kwa macho: nyekundu, imenyooka, haina hata uzi wa mafuta, na ilikuwa imepunguzwa bei. Tuliipika saa nne. Ilipotoka ilikuwa kavu, inakatika nyuzinyuzi, na mtoto wetu wa mwisho akauliza kwa heshima zote kama ile ilikuwa nyama au kamba. Kesho yake kazini tulimweleza mama mmoja Mmarekani tunayefanya naye zamu, mtu wa vijijini Kentucky. Alicheka mpaka akaweka boksi chini. "Umenunua paja," alisema. "Nunua bega."

Tangu hapo tumejifunza, na tunamwambia msomaji wetu bila malipo. Nyama ya paja, ambayo kwenye kibandiko huandikwa round, haina mafuta ya kutosha ndani yake, na ikikaa muda mrefu motoni inakauka. Nyama inayofaa ni ya bega na shingo, inayoandikwa chuck. Hiyo ina mishipi ya mafuta inayopita katikati na ina kano nyingi, kwa sababu bega la ng'ombe linafanya kazi kila siku. Kidari, yaani brisket, nacho kinafaa. Kano hizo ndizo zinazowatisha watu, na ndizo hasa zenye faida: ndani yake mna kolajeni, ambayo kwa moto mdogo na muda mrefu huyeyuka na kuwa jelatini, ule ute unaofanya mchuzi ushike midomo. Kazi hiyo haifanyiki kwa haraka. Nyama hiyo ikifika nyuzijoto 63 za Selsiasi imeshakuwa salama kuliwa, lakini bado ni ngumu kama kandambili. Inalainika vizuri inapokaribia 93 hadi 96 na kukaa huko. Ndiyo sababu mpishi mgeni huharibu rosti yake kwa kuiepua mapema. Anaichoma uma baada ya saa mbili, anaikuta ngumu, anadhani ameipitiliza, anaitoa. Kumbe ilikuwa inahitaji saa moja na nusu zaidi. Mama zetu waliojua kupika ng'ombe aliyetembea kutoka malishoni hadi mnadani hawakuhitaji kuambiwa hili. Wao walibandika nyama asubuhi na hawakuigusa mpaka jua limegeuka.

Sasa upishi wenyewe. Kwa watu sita chukua pande la bega la kilo moja na nusu hivi, ratili tatu na kitu kwa mizani ya hapa. Likaushe kwa karatasi ya jikoni, maana nyama iliyolowa haikaangiki, inachemka. Lipake vijiko viwili vya chai vya chumvi na pilipili manga ya kutosha. Pasha mafuta kidogo katika sufuria nzito ya chuma, ukaange kila upande dakika nne au tano mpaka uwe na rangi ya kahawia iliyokolea. Wapo wanaosema kukaanga huko kunafunga maji yasitoke. Si kweli, maji yatatoka tu, lakini ile rangi ndiyo ladha ya mchuzi wako. Itoe nyama, weka vitunguu vitatu vilivyokatwa vipande vinene, na vikishalegea ongeza vitunguu saumu punje sita, tangawizi iliyopondwa, jira kijiko kimoja cha chai na nyanya nzito ya kopo vijiko viwili vya mezani. Koroga mpaka nyanya iache harufu ya ubichi. Mimina vikombe viwili vya maji au supu, ukikwangua chini kwa mwiko, kisha irudishe nyama. Maji yafike katikati yake tu, yasiifunike. Funika vizuri, tia katika oveni ya nyuzijoto 300 za Farenhaiti, karibu 150 za Selsiasi, saa tatu na nusu. Karoti na viazi viingie saa ya mwisho, la sivyo utakula uji. Uma ukiingia na kuzunguka bila kupambana, imeiva.

Hata hivyo, nyumbani kwetu oveni haitumiki sana. Hakuna mtu wa kukaa saa tatu na nusu akiiangalia. Tunatumia sufuria ya umeme ya kupikia polepole, ile inayojulikana kwa jina la Crock-Pot, tuliyoinunua kwa dola chache katika duka la vitu vilivyotumika. Hapo mambo yanageuka kidogo: viazi na karoti vinawekwa chini na nyama juu yake, kwa sababu katika moto mdogo kiasi hicho mizizi ndiyo inayochelewa kuiva. Maji yawe kikombe kimoja tu, kwani hayapotei. Nyama iwe imeyeyuka kabisa, isiingizwe ikiwa barafu, maana itakaa muda mrefu mno katika uvuguvugu ambao vijidudu wanaupenda. Mama watoto anaiwasha kabla ya kutoka alfajiri. Sisi tunarudi tunalala juu ya harufu yake, jambo ambalo si rahisi kama linavyosikika. Baada ya saa nane au tisa imekuwa tayari, inajigeuza yenyewe kwenye joto la kusubiri, na kila anayeingia anaikuta ya moto.

Tulipotafuta habari za chombo hiki tulikuta kisa kilichotufurahisha. Aliyekibuni ni Irving Naxon, mhandisi wa Chicago aliyepata hataza yake mwaka 1940. Yeye mwenyewe alieleza kwamba wazo alilipata kwa mama yake, aliyemsimulia jinsi familia yao ya Kiyahudi kule Lithuania ilivyopeleka chungu cha nyama na maharagwe kwa mwoka mikate Ijumaa kabla ya Sabato kuingia, kikae usiku kucha katika tanuri linalopoa, kwa kuwa dini haikuwaruhusu kuwasha moto siku ya pili yake. Kampuni ya Rival ilinunua biashara ya Naxon mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikaanza kukiuza kwa jina la Crock-Pot. Kumbe hata chombo tunachokiona cha Kimarekani kabisa kilianzia kwa watu waliohama na chungu cha bibi yao kichwani.

Kutoka Louisville hadi Columbus ni mwendo wa saa tatu na nusu kwa barabara kuu ya 71. Tulipokuwa njiani tulizungumza na mwenzetu kuhusu Wajerumani, kwa sababu miji yote mitatu ya safari yetu ilipokea wahamiaji wengi wa Kijerumani karne ya 19, na pot roast ya Kimarekani ina undugu na sauerbraten yao, nyama inayolazwa siku kadhaa katika siki kabla ya kupikwa taratibu. Columbus ina mtaa mzima unaoitwa German Village na watalii wanapanga foleni kula huko. Watu husahau kwamba Louisville, tarehe 6 Agosti 1855, siku ya uchaguzi, umati wa watu wasiotaka wageni uliwashambulia Wajerumani na Waairishi mitaani na kuua watu wasiopungua 22. Leo chakula cha wageni wale ni chakula cha Jumapili cha kila mtu.

Wasomali wa Columbus wanahesabiwa kuwa jamii ya pili kwa ukubwa nchini Marekani, baada ya ile ya Minnesota. Wengi walipitia Dadaab, Kakuma au Nairobi, na Kiswahili chao kina lafudhi ya Eastleigh. Mwenyeji wetu alikulia huko. Mume wake ni dereva wa lori la masafa marefu, na siku ya kurudi haijulikani mpaka awe amekaribia.

"Kaka, mimi sipiki kwa saa, napika kwa simu," alituambia. "Akinipigia kwamba ameshapita Indianapolis, naweka nyama."

Duka la nyama halali lipo karibu naye, upande wa Morse Road, lakini hapo pana tatizo lake. Wachinjaji wengi wa maduka hayo, ukinyamaza tu, wanalipitisha pande lako kwenye msumeno wa umeme na kukupa vipande vidogo vyenye mifupa, kwa sababu ndivyo wateja wengi wanavyotaka. "Lazima uwahi," alisema. "Sema bega, sema zima, sema usikate. Useme mara mbili." Anaipaka xawaash, mchanganyiko wa Kisomali wa jira, giligilani, pilipili manga, iliki, karafuu na manjano. Mapishi mengi ya Kimarekani yanataka kikombe cha mvinyo mwekundu ili mchuzi uwe na ukali kidogo. Yeye anaweka ukwaju uliolowekwa, na sisi tuliokula zote mbili tunasema wazi kwamba ukwaju umeshinda. Binti yake wa miaka 16 anapendelea ile inayoitwa rosti ya Mississippi, iliyoanzishwa na Robin Chapman wa mji wa Ripley huko Mississippi katika miaka ya 1990, kwa pakiti mbili za unga wa viungo, siagi na pilipili za siki. Mama hana ugomvi nayo, ila anasoma kila pakiti nyuma na mbele kuhakikisha ni halali, na anasema kwa chumvi ile mtu atakunywa mto Scioto wote. Tulikula ya ukwaju, juu ya wali, na ndizi mbivu pembeni kama desturi ya Wasomali inavyotaka. Ambaye hajajaribu ndizi na mchuzi wa nyama asitucheke.

Bei nayo ilizungumzwa. Katika maduka tuliyopita miji yote mitatu, ratili moja ya bega ilikuwa kati ya dola 7 na 9. Sababu moja inajulikana: baada ya miaka ya ukame wafugaji waliuza mitamba yao, na Januari 2025 Marekani ilikuwa na ng'ombe takriban milioni 86.7, idadi ndogo kuliko zote tangu 1951. Kundi hilo haliongezeki kwa mwaka mmoja. Mwenyeji wetu na familia nyingine tatu wamepata njia yao: wanachanga, wananunua ng'ombe mzima kwa mkulima nje ya mji, anachinjwa kihalali na kugawanywa. Mabega yanapigiwa kura, kwa sababu ng'ombe anayo mawili na familia ni nne.

Kutoka Columbus hadi Buffalo ni saa tano, ukipita Cleveland na kufuata ufuo wa ziwa Erie. Mjini kwenyewe wanakula nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba katika mkate wenye chumvi kubwa na mbegu juu yake, pamoja na mzizi mkali unaopanda puani. Tulikula mmoja kwa heshima ya wenyeji, tukaendelea na safari yetu upande wa magharibi wa mji, karibu na mtaa wa Grant, ambako Wakongo, Warundi, Wasomali na Waburma wanaishi nyumba kwa nyumba.

Mwenyeji wetu wa huko ni mama wa umri wa kutuzaa, mzaliwa wa Uvira, aliyeishi miaka 17 katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Rosti alijifunza kanisani kwa akina mama wa Kimarekani, lakini anaila kwa ugali na lengalenga, na viazi anawaachia wajukuu. Yeye hana sufuria ya umeme wala haitaki. Sababu yake ni dhoruba ya theluji ya Krismasi ya mwaka 2022, ile iliyoua watu zaidi ya 40 Buffalo na vitongoji vyake. Umeme ulikatika mtaani kwake, magari yalipigwa marufuku barabarani, na upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba hakuona nyumba ya ng'ambo. Jiko lake ni la gesi. Aliliwasha kwa kiberiti, akabandika pande la nyama alilokuwa amelinunua kwa sikukuu, akaliacha kwenye moto mdogo, na familia ya Waburma ya ghorofa ya juu ikashuka na mchele wao. Walikuwa watu 11, na walikula nyama hiyo siku mbili.

"Mkaa sikuingiza ndani, mwanangu," alituambia. "Kambini niliona watu waliolala na mkaa wasiamke." Tunaomba msomaji alishike hilo, kwa sababu kila majira ya baridi kuna watu wanaokufa kwa hewa ya kaboni monoksaidi kwa kuota mkaa ndani ya nyumba, au kwa kutumia oveni ya gesi kama kipasha joto.

Januari 2025 mama huyu alikuwa anamsubiri binti yake na wajukuu wanne watoke Nyarugusu. Tarehe ya ndege walikuwa wamepewa. Alinunua mapande mawili ya bega, makubwa, akayatia kwenye friza. Tarehe 20 ya mwezi huo Rais Trump alitia saini amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi, na safari zilizokwisha kupangwa zikafutwa. Binti yuko kambini mpaka leo. Kisha sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai mwaka huo huo ikawaondoa katika msaada wa chakula, hii kadi ambayo wengi wetu bado tunaiita fudistempu, wakimbizi ambao hawajapata ukazi wa kudumu. Kijana wake aliyefika 2024 ni mmoja wao. Pande la kwanza walilila mwezi Oktoba, siku kijana alipoambiwa hivyo, kwa sababu nyumbani hapakuwa na kitoweo kingine.

Pande la pili bado lipo. Alituonyesha: limefungwa kwa plastiki na karatasi ya jikoni, tarehe imeandikwa kwa kalamu nyeusi. Alitaka kujua kama nyama iliyokaa friza karibu mwaka mzima bado ni nyama. Tulimjibu kwamba kama haijawahi kuyeyuka ni salama, ila baada ya miezi 12 ladha huanza kupungua na kingo hukauka, na kwamba ailaze chini ya friji siku mbili kabla ya kuipika, asiiache juu ya meza.

Alihesabu kwa vidole.

"Basi nitaitoa tarehe 22," alisema, "niipike mkesha wa Krismasi. Wawe wamefika au hawajafika."